Sanamu ya kitambaa, sanamu ya plastiki, au mdomo wako: nini kimlete mnyama mkubwa?

Simu ililia saa nane za usiku. Lubumbashi imelala, lakini kule Boise, jimbo la Idaho, ilikuwa saa kumi na mbili jioni na mdogo wangu alikuwa amesimama dukani. Mkononi ameshika sanamu ya kitambaa iliyokunjwa kama mwavuli. Mbele yake, sakafuni, kuna kulungu mzima wa plastiki. Muuzaji naye anamwonyesha ya tatu, kichwa na shingo tu, ya kufunga kwenye upinde. "Yaya, ninunue ipi?" (Kwetu Yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa.) Nikamwuliza anataka kuwinda mnyama gani. Akanijibu, "Yeyote, mradi mkubwa." Nikamwambia aache vyote hapo hapo atoke nje, tutaongea kesho.

Tuliongea juma zima. Yeye ana misimu mitatu ya kuwinda kwa upinde huko Marekani. Mimi nina miaka mingi ya kutembea nyuma ya mjomba wangu, mwenye kibali na bunduki yake ya kalibre 12, kwenye miombo ya upande wa Kasenga. Watu wetu waliohamia Idaho ni wengi, na swali lile lile limeanza kunijia kutoka kwa watu nisiowajua, basi naona afadhali niliandike mara moja.

Neno la kwanza nililomwambia bado nalishikilia: sanamu haimwiti mnyama. Kinachomwita ni sauti, harufu, njaa au wivu. Sanamu inampa kitu cha kutazama anapofika, ili asikutazame wewe. Ukinunua sanamu kwa kudhani itakufanyia kazi ya kuita, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na hili si jambo la juzi. Huko Nigeria wawindaji wa Kihausa walikuwa wakijifunga kwenye paji la uso kichwa cha mumbi, yule ndege mkubwa mweusi anayetembea chini akidonoa wadudu. Mwindaji anainama hadi mikono iguse ardhi, kichwa cha ndege kinachungulia juu ya nyasi, na swala haoni zaidi ya mumbi anayejitafutia chakula. Kwa Kihausa ndege huyo ni burtu, na hadi leo wakisema mtu kafanya "shigar burtu", maana yake amejigeuza sura. Katika tambarare za Marekani, mchoraji George Catlin alichora miaka ya 1830 wawindaji wenyeji wakitambaa chini ya ngozi za mbwa mwitu kuelekea kundi la nyati wa huko. Nyati wale walizoea kuona mbwa mwitu pembeni, na kundi likiwa zima halikuwaogopa. Tazama hiyo mifano miwili: wote walichagua sura ambayo mnyama amekwisha kuizoea na kuipuuza. Leo madukani tunauziwa jambo tofauti kidogo, sura ambayo mnyama anaitamani au anaichukia. Hiyo ina nguvu zaidi, lakini ina msimu wake, na msimu ukipita sura hiyo hiyo inamfukuza.

Kitambaa au plastiki

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na ndipo pesa inapopotelea.

Sanamu ya kitambaa, kama zile za Montana Decoy, ni picha ya mnyama wa kweli iliyochapwa kwenye kitambaa, na ndani yake umepita waya wa chuma wenye mkunjo wa chemchemi. Ukiachia inafunguka yenyewe, unachomeka vijiti viwili ardhini, umemaliza. Jike zima la wapiti, yule kulungu mkubwa wa Marekani, linaingia kwenye mfuko wa mgongoni na uzito wake hauzidi kilo 2. Ya plastiki ni mwili kamili: miguu minne, masikio, pembe za kuchomoa, na tumbo tupu ambalo ndani yake unapakia viungo vyote kabla ya kubeba. Hiyo ni nzito, na jambo baya kuliko uzito ni kelele. Ukitembea nayo gizani inagonga kama ndoo tupu kwenye baiskeli ya muuza maji.

Wapiti anaishi milimani. Kumfuata ni kupanda na kushuka tangu alfajiri, na pale ulipomsikia asubuhi sipo atakapokuwa adhuhuri. Sijui nani atabeba kulungu wa plastiki katika safari hiyo. Kwa wapiti, basi, kitambaa hakina mpinzani, na sababu si uzito tu. Septemba, majira ya kupandana, dume husikia sauti ya jike na kuja kwa kasi. Akifika mita 60 au 80 anasimama. Amesikia jike lakini halioni, na mahali sauti ilipotoka ni peupe. Anasimama hapo dakika mbili, anageuka, anaondoka. Mdogo wangu alipoteza madume mawili hivyo hivyo msimu wake wa kwanza, mshale ukiwa tayari kwenye uzi. Upinde unataka mita 30, ukiwa hodari 40. Ile sehemu iliyobaki katikati ndiyo anayoimaliza jike wa kitambaa: dume anamwona, moyo unatulia, anamalizia njia.

Ila kitambaa kina aibu yake. Ni bapa. Mnyama akizunguka kunusa, na wapiti lazima azunguke, anafika pahali ambapo jike linakuwa jembamba kama ukuti, halafu halipo. Hebu jiweke mahali pa dume huyo. Dawa yake ni kutoliweka wazi katikati ya uwanja. Lichomeke kati ya miti, nusu limefichwa na kichaka, limeelekea mahali unapotarajia atokee, ili apate kuona mgongo na sikio tu, na njia ya kuzunguka izibwe na magogo au mteremko. Upepo mkali nao hulipigapiga kama bendera. Kutikisika kidogo ni kuzuri, kunaleta uhai. Kuanguka ndiyo mwisho wa siku.

Kwa kulungu wa mkia mweupe mambo yanageuka. Huyu ni wa mashambani na kwenye vijisitu vya karibu na nyumba za watu. Unapanda jukwaa lako juu ya mti, na mara nyingi gari limekufikisha karibu. Uzito haukuumizi tena. Kulungu huyu naye huja kutazama kwa karibu, kutoka kila upande, na hapo mwili kamili unashinda: hautoweki kwa pembe yoyote. Chagua plastiki.

Na ukichagua plastiki, jua kuipanga, kwa sababu nusu ya thamani yake iko hapo. Kulungu dume akiona dume mwenzake, hufika kwa mbele, uso kwa uso, kama vijana wawili wa mtaa wetu wa Katuba wanaotafutana. Akiona jike, hupitia nyuma. Basi sanamu ya dume ielekee kwako, na sanamu ya jike ikupe mgongo. Iwe mita 15 hadi 20 kutoka kwenye mti wako, upande ule upepo unakotokea, kwa kuwa mgeni atataka kuizunguka apate harufu yake, na katika kuzunguka huko atapita kati yake na wewe. Wengi huchomoa pembe moja ya sanamu ili ionekane dume mdogo aliyepigwa juzi. Dume la wastani halitaki kupigana na bingwa. Mwisho, funga kipande cha kitambaa cheupe mahali pa mkia kipeperuke kidogo, maana kulungu aliyesimama bila kutikisa hata mkia ni kulungu aliyeona hatari, na wenzake wanalijua hilo.

Kuhusu rangi usijisumbue sana. Jamii ya kulungu haitofautishi nyekundu na kijani kama sisi. Wanaona buluu vizuri, na hata mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni wao wanauona. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo humeremeta kwa mwanga huo. Mdogo wangu alifua jike lake la kitambaa kwa sabuni ya nyumbani akalianika kwenye jua. Lilinukia vizuri sana. Kwa macho ya kulungu nadhani lilikuwa kama taa ya Krismasi. Maji matupu yanatosha, na ulishike kwa glavu za mpira.

Ya kufunga kwenye upinde

Hii ni ndogo, kichwa na shingo au kifua, mfano zile za Heads Up Decoy. Unajificha nyuma yake ukitembea au ukitambaa, na unapiga mshale kupitia dirisha lililoachwa. Faida yake ni moja, na ni kubwa: hauketi kumngoja mnyama, unamwendea.

Mahali pake ni tambarare tupu, kwa pronghoni. Huyu si kulungu wala si swala wa kwetu, ana ukoo wake peke yake, na kwa mbio duniani anayemshinda ni duma. Macho yake makubwa yako pembeni ya kichwa na anaona karibu pande zote. Nyasi zenyewe hazifiki gotini. Bila kitu cha kujificha nyuma yake, hata mita 300 hufiki. Lakini katikati ya Septemba dume lake linalinda majike kama mwenye duka analinda droo ya pesa, na likiona dume dogo limejitokeza karibu, linaweza kukimbia kuja kulifukuza kutoka mbali kabisa. Mdogo wangu anasema moyo ulimdunda hadi akasahau kuvuta upinde. Wiki tatu baadaye alirudi na sanamu ile ile, mahali pale pale. Pronghoni waliitazama mara moja wakatoweka na vumbi lao.

Wazee wa huko walikuwa na njia nafuu kuliko zote, kitambaa cheupe juu ya kijiti. Unalala nyuma ya kichaka, unakipunga, unakishusha, unakipunga tena, na pronghoni, kwa udadisi wake, anasogea kujua ni nini. Haigharimu hata senti. Wakati mwingine inashindwa kabisa, lakini kwa mtu ambaye bado hajui kama uwindaji huu utamfaa, ningemwambia aanze na kitambaa hicho.

Ubaya wa sanamu ya upinde ni kwamba umejifanya mnyama katika nchi ya watu wenye silaha. Usiitumie kamwe wakati bunduki zimeruhusiwa mahali hapo. Hata ile ya kitambaa ina hatari hiyo unapoibeba. Jioni moja mdogo wangu alikuwa anashuka mlima, jike la wapiti limefunguka nusu juu ya mgongo wake, na alipoinua macho akamwona mtu ng'ambo ya bonde amemwelekezea darubini kwa muda mrefu. Hawakusemezana. Tangu siku hiyo hutembea na sanamu ndani ya mfuko uliofungwa, juu yake kitambaa cha rangi ya machungwa, ile rangi ambayo mwanadamu huiona kilomita nzima na kulungu haimshtui.

(Ukitaka kujua sanamu zinavyomponza hata mwindaji, walinzi wa wanyama wa Marekani nao wanazo. Wanaweka kulungu wa mashine kando ya barabara, anageuza kichwa na kutikisa mkia. Jangili anasimamisha gari usiku, anapiga risasi kupitia dirishani, na anaingia mkenge mzima mzima.)

Sauti dhidi ya sura

Ukiniambia nichague kimoja tu, sanamu au sauti, sitafikiri mara mbili. Nachukua sauti.

Kwa musi, kulungu mkubwa kuliko wote duniani, sanamu ni mzigo wa bure. Anaishi kwenye vichaka na vinamasi, haoni mbali, lakini masikio yake ni ya ajabu. Wawindaji wa kaskazini humwita kwa kuiga jike kupitia honi ya gome la mti, au huchukua mfupa wa bega la ng'ombe na kuukwaruza kwenye vichaka, kama dume jingine linalosugua pembe. Mfupa! Kule buchani unatupiwa mbwa. Sioni kwa nini mtu alipe pesa kwa musi wa plastiki.

Kwa wapiti, sauti na sura vinafanya kazi pamoja, na kama mko wawili mambo ni mazuri zaidi. Mpiga mshale akae mbele, mwitaji akae nyuma yake mita 30 au 50, sanamu iwe karibu na mwitaji. Dume linafuata sauti, linakaza macho kwenye sanamu, na linapita ubavuni mwa yule ambaye halimfikirii. Ukiwa peke yako, weka sanamu pembeni yako, si mbele wala nyuma, ili macho ya mnyama yasipite juu yako. Sauti iwe ya mdomo au ya filimbi unayopuliza mwenyewe. Sauti za mashine zimekatazwa kwa wanyama wakubwa katika majimbo mengi ya Marekani, kwa hiyo soma kanuni za jimbo lako za mwaka huo. Na Idaho, aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 hapewi leseni yake ya kwanza bila kusoma kozi ya uwindaji. Mdogo wangu alilalamikia kozi hiyo, kisha ndiyo iliyomfundisha nusu ya niliyoyaandika hapa.

Harufu za chupa, mkojo wa kulungu na mfano wake, sizishauri. Kuna ugonjwa wa kulungu unaokausha mwili na kula ubongo, ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967, na chembe zake hukaa kwenye mkojo na kwenye udongo kwa miaka. Majimbo kadhaa yamepiga marufuku chupa hizo kwa sababu hiyo.

Kama uko huku Lubumbashi

Wengine wameniuliza: na sisi, tulete sanamu kutoka nje? Kwanza kibali. Uwindaji wetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Hakuna kuwinda bila kibali, na ndani ya mbuga za Upemba, iliyoanzishwa 1939, na Kundelungu, ya 1970, hakuna kuwinda kabisa. Upemba ndiko waliko pundamilia wa mwisho wa nchi yetu. Mtu asije akasema nilimtuma.

Baada ya hapo, jibu langu ni hapana. Wanyama wetu wengi wa miombo hawana majira mafupi yenye wazimu kama yale ya Septemba kwa wapiti, na miti inakatiza macho: mita 50 na sura imepotea. Mahali peupe ni kwenye dembo tu, yale mabonde ya majani, na huko mwindaji mwenye akili hukaa nyuma ya kichuguu. Vichuguu vya hapa vinapita urefu wa nyumba, na wanyama huja wenyewe kulamba udongo wake kwa ajili ya chumvi. Kibanda gani cha kuotea kitakishinda kichuguu hicho? Mwezi wa tisa, mahali moto ulipopita na majani mabichi yamechipua, tohe na kongoni wanafika bila kuitwa na mtu.

Sauti ninayoijua ya kwetu ni ile ya kubana pua. Mjomba anabana, anatoa kilio chembamba cha puani kama mtoto wa nsya, yule paa mdogo wa vichakani, aliyekamatwa, na nsya mzima anatoka mbio kichakani hadi miguuni pake. Inafanya kazi kuliko sanamu yoyote niliyoitaja. Mjomba mwenyewe aliiacha. Anasema anayekuja mbio namna ile mara nyingi ni mama, na tena ukilia kama mtoto wa mnyama huwezi kujua ni nani mwingine amekusikia. Chui naye ana masikio.

Mimi hata hivyo nilijaribu sanamu, vinginevyo nisingekuwa na haki ya kuandika haya. Fundi mmoja wa Kamalondo alinikatia kongoni wa triplex, yaani ubao mwembamba, nikampaka rangi mwenyewe, tukamfunga juu ya gari hadi dembo moja upande wa barabara ya Kasenga. Tulijificha nyuma ya kichuguu tangu saa kumi na moja alfajiri. Tohe mmoja alitokea mbali, akamtazama kongoni wangu, akagonga mguu chini, akapiga mluzi, akaenda zake. Saa mbili asubuhi walifika vijana watatu wauza makala, yaani mkaa, na baiskeli zao, wakasimama, wakajadiliana kwa sauti ya chini, mmoja akaanza kumvizia na panga. Ilibidi nitoke nijieleze.

Mdogo wangu alinunua jike la wapiti la kitambaa, na mfupa wa bega aliupata bure kwa mchinjaji. Kongoni wangu wa triplex ni mlango wa banda la kuku nyumbani, na kuku wanalala nyuma yake bila wasiwasi wowote.